Nyama ya Wakimbizi

Jina la Naftali lilisomwa la saba, na liliposomwa watu kadhaa waligeuka kumtazama kwa kijicho.

"Naftali wa Unyambwa. Ng'ombe kumi na wawili. Atatoa wawili."

Karani Simeoni, aliyekuwa akisoma, hakuinua macho. Alikuwa Mnyiramba aliyetoka shule ya misheni, kijana wa sauti nyembamba na kaptura iliyopigwa pasi, mwenye daftari kubwa la ng'ombe ambalo hakumruhusu mtu yeyote kuligusa. Nyuma yake, kwenye kiti cha pekee kilicholetwa barazani, Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa amekunja miguu akijipepea kwa kofia.

Habari yenyewe ilikuwa imekwisha kuelezwa. Ulikuwa mwaka wa nne wa vita. Huko Ulaya kulikuwa na watu wanaoitwa Wapolandi, ambao nchi yao ilimezwa na maadui. Baada ya kutangatanga katika baridi na njaa, wanawake na watoto wao walikuwa wakiletwa Tanganyika wapate mahali pa kukaa. Walikuwa wamejengewa kambi upande wa Kondoa. Serikali ilikuwa imetoa fedha za kuwalisha, kuwavika na kuwatibu mpaka vita viishe, na nyama yao ingetoka Singida. Hakuna ambaye angenyang'anywa. Kila mwenye ng'ombe angetoa mmoja katika kila sita, naye angelipwa papo hapo kwa bei ya serikali.

"Fedha hizo serikali imezipata wapi?" mzee mmoja aliuliza.

"Hazina," alijibu Simeoni.

"Na hazina inazipata wapi?"

"Kwenye kodi, mzee."

"Aa," mzee alisema, akakaa. "Kumbe nilianza kuwalisha zamani."

Watu walicheka. Bwana Shauri akauliza wanacheka nini, na Simeoni akamtafsiria kwamba watu wamefurahi.

Naftali hakucheka, kwa sababu katika ng'ombe wale kumi na wawili, wake mwenyewe walikuwa wawili tu.

Asiye wa huko atashangaa. Lakini kwa Wanyaturu, ng'ombe waliomo katika zizi la mtu si lazima wawe mali ya mtu huyo. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki pamoja. Huwagawa kwa marafiki, watano huku, watatu kule, ili ugonjwa usiwamalize kwa mara moja na ili macho ya watu yasijue utajiri wake. Anayewatunza hunywa maziwa, na zaidi ya maziwa hupata samadi, maana udongo ule bila samadi hautoi hata uwele wa kujaza kibuyu. Hakuna karatasi. Kuna neno tu, na sehemu kubwa ya neno hilo ni kunyamaza: mtunzaji hamtaji mwenye ng'ombe mbele za watu hata akibanwa. Ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi, wakatazamana, yakaisha.

Kwa hiyo miezi miwili nyuma, Simeoni alipokuja na daftari na kuuliza mbele ya majirani, "Hawa wote ni wa nani?" Naftali alijibu, "Ni wangu." Angejibu nini kingine? Na tuseme kweli yote: jibu hilo lilimpendeza kidogo. Mtu aliyezaliwa kwenye mji wenye mbuzi watatu haandikwi kila siku na serikali kuwa ni tajiri.

Sasa utajiri ule wa daftarini ulikuwa umemkaba koo.

&nbsp;

"Wawili," alirudia Lea, mkewe. Alikuwa akitwanga, na mchi ukabaki hewani. "Wawili ndio tulio nao."

"Ndiyo."

"Maksai na yule dume mdogo."

"Hao hao, Mama Yunisi. Hatuna wengine."

"Basi nenda kamwambie karani ukweli."

"Nikimwambia wale kumi si wangu, ataniuliza ni wa nani. Nitamtaja nani? Na kabla hajafika huko nimekwisha kuwa mtu aliyeidanganya serikali. Amesema mwenyewe barazani: hesabu ya uongo ni miezi sita jela. Wakati huu wa vita hakuna mchezo."

Lea aliuweka mchi chini. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kufikiri, na hofu yake ilikuwa na tabia ya kwenda moja kwa moja mahali penyewe. "Basi tuwatoe wetu. Tutabaki na zizi la watu, lakini tutabaki na samadi. Tutaishi."

"Si sisi tutakaochagua. Wametaka wote kumi na wawili wapelekwe mnadani. Bwana Mifugo mwenyewe atatazama na kuchagua wawili walionona."

Waligeuka wote wawili kulitazama zizi. Maksai wao alikuwa mkubwa lakini mbavu zilihesabika. Yule dume mdogo ndiyo kwanza aanze kujaza mwili. Tisa kati ya waliobaki walikuwa mali ya Fabiano wa Mandewa, nao walikuwa ng'ombe wa kawaida wa mwaka wa ukame. Lakini katikati yao alisimama jike mwekundu, mgongo wake umenyooka, shingo imejaa, akicheua bila haraka, na pembeni mtamba, ndama wake wa kike aliyekuwa mdogo mno kuandikwa daftarini. Huyo alikuwa wa Magdalena.

Magdalena alikuwa mjane wa Utemini, mfinyanzi wa vyungu. Ng'ombe yule alimnunua kwa jasho lake, miaka sita ya vyungu na samli, mume wake angali hai na mgonjwa. Mume alipofariki, shemeji yake Paskali alikuja kuorodhesha kila kilichokuwa ndani ya nyumba hadi mpini wa jembe, akisema mali ya marehemu ni yake na mke wa marehemu vilevile. Magdalena alikataa kuhamia kwake. Alichokuwa nacho cha kumwezesha kukataa ni ng'ombe yule na ndama wake tu, ambao Paskali hakujua kama wapo duniani.

"Asichaguliwe," Lea alisema.

"Nitamzuiaje mzungu?"

"Tumnenepeshe maksai. Tumpe pumba, tumpe na uwele. Siku zimebaki tisa."

"Uwele wa watoto?"

Lea aliingiza mkono kwenye kinu, akachota alichokwisha kutwanga, akaenda nacho zizini. Kwa siku tisa, katika mwaka ambao watu walichemsha mizizi, nyumba ile ilimlisha maksai chakula cha watoto ili serikali impende, na Yunisi na wadogo zake walikunywa uji mwepesi kama maji ya kuoshea sahani. Yule mwekundu walimpunguzia maji, wakampaka kinyesi ubavuni na mkiani aonekane anaharisha. Naftali alifanya kazi hiyo mwenyewe, akiomba radhi kimoyomoyo, kwa kuwa hakuwahi kumtesa ng'ombe wa mtu.

&nbsp;

Siku ya tatu alikwenda Mandewa. Fabiano alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, ambaye hakuna aliyejua ana ng'ombe wangapi, hata wake zake hawakujua. Alimpokea Naftali nje, mlangoni, hakumwambia aketi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wazima?"

"Wazima, lakini tuna shida." Naftali akaieleza. Kisha akasema kile kilichomleta: "Nimefikiri, kama wangu mmoja akikataliwa, pengine ungekubali mmoja wa kwako achukuliwe. Fedha yote nitakuletea. Hata senti sitashika."

"Ngozi utaniletea?"

"Kaka, ng'ombe wa serikali anaondoka na ngozi yake."

"Basi hilo silijui. Mimi najua ng'ombe akifa naona ngozi. Chui akimla naona mifupa. Hili la ng'ombe kutembea kwa miguu yake hadi Kondoa kulisha wazungu, baba yangu hakunifundisha." Fabiano alishusha sauti. "Mimi nimeandikwa ng'ombe sita, nitatoa mmoja. Ukinitaja, nitaulizwa wale tisa nilikuwa nimewaficha wapi. Tutafungwa wote. Unataka hivyo?"

"La, kaka."

"Basi mimi sina ng'ombe kwako. Na wakiguswa hao ambao sina, nitakuja kuwachukua wote siku hiyo hiyo."

Akacheka kidogo, kwa adabu, na Naftali naye akacheka kwa sababu alikuwa ameombwa acheke. Alimwogopa Bwana Shauri, alimwogopa Fabiano, na alianza kuliogopa zizi lake mwenyewe.

Kesho yake Magdalena alifika Unyambwa mchana, vyungu vitatu kichwani, akijifanya anauza. Aligonga kimoja kwa kucha ili jirani asikie kwamba ni biashara.

"Paskali amepewa kazi ya utarishi kwa jumbe," aliwaambia akiwa amechuchumaa kivulini. "Siku ya mnada yeye ndiye atakayeshika kamba. Atawaona ng'ombe wote."

"Ataona ng'ombe wa Naftali," alisema Lea. "Daftari linasema hivyo."

"Nisije?"

"Usije, dada. Kaa nyumbani ufinyange."

"Nikikaa nitakufa kwa mawazo." Alitazama zizini, akaona ubavu wa ng'ombe wake umepakwa mavi, na ingawa alijua sababu, macho yake yalijaa. "Mnisamehe. Ninyi ndio mlio hatarini, na mimi nalia."

"Hatachaguliwa," Naftali alisema.

Lea alimtupia jicho. Hakupenda mumewe aahidi kitu ambacho hakikuwa mkononi mwake.

&nbsp;

Siku ya mnada, vumbi lilisimama juu ya mji wa Singida tangu asubuhi. Ng'ombe walikuwa mia kadhaa, na kila mwenye ng'ombe alisimama karibu na wake, kimya, kofia mkononi. Askari wawili waliranda na marungu. Pingu zilining'inia kiunoni mwa mmoja wao, na Naftali alijikuta anazitazama hizo tu.

Kabla kazi haijaanza, malori mawili yaliingia na kusimama kando ya kisima cha mnadani kuongeza maji. Nyuma walikaa wanawake weupe na watoto. Hawakuwa wazungu wa aina ambayo Lea aliwahi kuwaona. Nywele zao zilikuwa zimekatwa karibu na ngozi kwa ajili ya chawa, midomo imepasuka, na msichana mmoja alivaa koti la askari lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Mama mmoja wa makamo, mnene wa mifupa, aliteremka bila ruhusa. Akatembea moja kwa moja hadi kwa ng'ombe wa karibu, akaweka mkono shingoni pake, akapapasa chini ya taya pale ambapo ng'ombe hupenda kupapaswa. Kisha aliunusa mkono wake. Askari akamfokea, naye akarudi lorini haraka, ameinamisha kichwa. Lea aliijua hofu ile. Ilikuwa kama yake.

"Hao ndio wenyewe?" alimwuliza Simeoni, aliyekuwa akipita na daftari.

"Ndio, mama. Wanakwenda Kondoa."

"Mbona yule anamjua ng'ombe?"

"Bwana Shauri anasema ni wakulima. Walikuwa na ng'ombe wao."

"Wako wapi?"

"Serikali iliwachukua." Simeoni alisikia alichokisema, akageuka kutazama kama kuna aliyemsikia. "Serikali nyingine, mama. Si hii."

Akaondoka mbio. Lea aliwatazama wale wanawake na hakujua awachukie au awahurumie. Alikuwa ameandaa chuki ya kutosha kwa siku tisa, na sasa hakuona pa kuiweka.

Bwana Mifugo alikuwa mtu mrefu asiyesema sana. Alipita na fimbo, na yule aliyeguswa na fimbo alipigwa alama ya chokaa mgongoni. Alipofika kwa Naftali alimzunguka maksai, akampapasa kiunoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Chokaa. Moyo wa Naftali ukapanda. Fimbo ikamfikia dume mdogo. Bwana Mifugo akamtembeza hatua kumi, na dume, aliyekuwa amekanyaga jiwe njiani, akachechemea.

"Huyu hapana."

"Ni mawe tu ya njiani, bwana," Naftali alisema. "Ni mzima. Nyama yake ni nzuri sana."

Pengine mzungu yule hakuwa amewahi kuona Mnyaturu akiisihi serikali imchukulie ng'ombe. Alimtazama kidogo, akampita. Akawatazama wale tisa wa Fabiano mmoja mmoja, hakuwapenda. Alisimama mbele ya jike mwekundu. Aliyaona mavi ubavuni, akayakwangua kwa ncha ya fimbo, akaona ngozi inang'aa chini yake. Akatabasamu.

"Huyu."

"Huyo wangu!"

Sauti ilitoka kwa wanawake, nyuma ya uzio wa miiba. Magdalena alikuwa amekuja. Alikuwa amejizuia tangu asubuhi, na alipoona mkono wenye chokaa unainuliwa, mdomo ulisema kabla akili haijafika. Alijiziba kwa viganja vyote viwili, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Paskali, kamba mkononi, aligeuka polepole. "Umesemaje, shemeji?"

Magdalena alitikisa kichwa.

"La, sema. Una ng'ombe? Tangu lini?" Alikuja karibu na Bwana Shauri, akavua kofia, sauti yake sasa tamu. "Bwana, huyu ni mke wa ndugu yangu marehemu. Kama ng'ombe huyu ni wake, basi ni wa ndugu yangu, na mali ya ndugu yangu ni mimi ninayeiangalia. Fedha nitapokea mimi. Na ndama wake, kama wapo, vilevile."

Simeoni alitafsiri. Kila Mnyaturu pale alikuwa ameelewa jambo lote katika pumzi moja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake mahali, au ng'ombe wa mtu kwake. Fabiano alisimama mbele kabisa, mikono nyuma.

"Wewe," Bwana Shauri alisema kwa Kiswahili chake kigumu, akimnyooshea Naftali fimbo. "Daftari inasema kumi na mbili yako. Ng'ombe hii ni yako au ya mwanamke?"

Naftali aliziona pingu. Alimwona Paskali akisubiri, na nyuma ya Paskali uso wa Magdalena. Kwa desturi, mwenye ng'ombe akijitaja mwenyewe mbele ya watu, mtunzaji huinama akasema, ni kweli, ni wako. Akikana hapo, huyo ni mwizi, na wizi wa namna hiyo hausahauliki hata kwa wajukuu.

"Ni wangu," alisema.

Mguno ulipita kwa watu. Mtu mmoja alitema mate. Magdalena alimtazama kama mtu asiyemfahamu, kisha alikaa chini vumbini, na hakuna aliyemwinua.

"Imeandikwa, imesemwa," Bwana Shauri alimwambia Paskali. "Shauri imekwisha. Mtu akileta tena neno hili, anasema daftari yangu ni uongo. Nitamfunga."

Paskali alirudisha kofia kichwani. Naftali akaitwa mezani, akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akapewa shilingi thelathini na nne za maksai na ishirini na nane za jike. Watu walimpisha njia pana kuliko ilivyohitajika. Kule kisimani malori yaliwashwa, na msichana mwenye koti la askari aliwapungia ng'ombe mkono.

&nbsp;

Fabiano alifika asubuhi iliyofuata na wanawe wawili. Aliamkia, aliuliza hali ya watoto, akaisifu hata hewa.

"Nimekuja kuwaangalia ng'ombe," alisema.

"Hawakuguswa hata mmoja, kaka."

"Nimeona. Ahsante kwa utunzaji." Wanawe walikuwa wamekwisha kufungua zizi. "Majani yameanza kuwa haba huku kwenu. Nitawapeleka mahali pengine."

Hakusema neno mwizi. Laiti angelisema, Naftali angepata la kujibu. Ng'ombe tisa walitoka wakifuatana, na zizini wakabaki dume anayechechemea na mtamba mdogo mwekundu. Samadi ya wawili hao haingetosha hata kona moja ya shamba. Lea alipiga hesabu ya msimu ujao na ule utakaofuata. Hakuna mtu Singida nzima ambaye angemletea tena Naftali ng'ombe wa kutunza, wala mbuzi, wala kuku.

"Nikuulize neno," alimwambia mumewe walipobaki wawili. "Pale, uliposema ni wako. Ulisema kwa ajili ya Magdalena, au kwa ajili ya pingu?"

Naftali angeweza kujisifu, na hakuna ambaye angempinga.

"Sijui, Mama Yunisi," alisema. "Niliziona pingu kwanza. Halafu nikamwona yeye. Mdomo ulipofunguka, sijui ulikuwa wa nani."

Lea alimwamini. Hakumpenda zaidi wala pungufu kwa hilo, lakini alimwamini. Akatoa shilingi ishirini na nane, akazifunga kitambaani, akazifukia ndani ya kapu la unga.

"Nazipeleka."

"Paskali akikuona?"

"Ndiyo maana nakwenda na unga. Mke wa mwizi anakwenda kuomba asilaaniwe. Hata Paskali atalielewa hilo."

&nbsp;

Alimkuta Magdalena ndani, giza la mchana la nyumba ya tembe, vyungu vibichi vimepangwa ukutani. Shavu lake moja lilikuwa limevimba.

"Paskali?" Lea aliuliza.

"Alitaka nimwambie kama kuna ndama." Magdalena hakumkaribisha kuketi. "Nilisema hakuna. Umefuata nini?"

Lea alipekua unga, akakitoa kitambaa, akakifungua mkekani. Magdalena aliziangalia fedha. Hakuzigusa. Kisha akili yake ikaanza kupita njia ile ile ambayo Lea alikuwa ameipita, kutoka kwenye daftari hadi kwenye kamba ya Paskali, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo.

"Angesema ni wangu mimi…"

"Zingekuwa kwa Paskali. Na mtamba vilevile."

"Na mimi nilimwapiza. Usiku kucha nilimwapiza, Mama Yunisi."

"Hakujua mwenyewe. Nisikudanganye. Aliogopa."

"Na mimi niliogopa. Ndiyo maana nilipiga kelele." Alizifunga fedha, akazitia ndani ya chungu kibichi, akageuza mdomo wa chungu ukutani. "Nasikia Fabiano amewachukua."

"Wote."

"Wa kwangu abaki. Mtamba. Abaki kwenu."

Lea aliukamata mkono wake. Walikaa hivyo, wakisikia mtu anapita nje, wote wawili wakishikilia pumzi hadi nyayo zilipopotea.

"Lakini watu wasituone tunasalimiana," Magdalena alisema. "Paskali anaangalia. Siku atakayoniona nakusalimia kwa wema, atajua fedha iko wapi, na atakuja kuvunja vyungu hivi kimoja kimoja. Kisimani nitakutukana."

"Tukana."

"Si kesho tu. Kila siku."

"Tukana, dada. Tukana kwa nguvu."

"Nitasema mumeo ni mwizi wa wajane."

"Sema."

"Nitasema na wewe ulimsaidia kula."

Hilo lilimchoma Lea, na alishangaa kwamba lilimchoma, hali wapo wawili tu na linasemwa kwa mapatano. "Sema na hilo," alijibu.

Kesho yake kwenye kisima cha mnadani, ambako wa Unyambwa na wa Utemini wote walichota mwaka ule wa ukame, kulikuwa na wanawake kama kumi na watano wakisubiri zamu. Magdalena alianza hata kabla Lea hajatua mtungi. Alisema mwizi wa wajane. Alisema umemla ng'ombe wangu wewe na mumeo, mmewauzia wazungu, mmejaza tumbo. Alisema vizuri sana, kwa machozi ya kweli, na Lea aliinamisha kichwa akasikiliza. Aliogopa kwamba miaka itapita hivi, na siku moja Magdalena atayazoea maneno haya mpaka aanze kuyaamini. Ndipo mwanamke mmoja, binamu wa Paskali, alipochota maji kwa kata akammwagia Lea usoni. Hilo halikuwamo katika mapatano.

Wanawake wakacheka. Macho ya binamu yalimgeukia Magdalena, yakasubiri.

Magdalena akacheka pamoja nao. Ilimbidi acheke.

Lea alijifuta uso kwa ncha ya kaniki, akarudi nyuma ya mstari kusubiri zamu yake, maana nyumbani hakukuwa na maji.